Majibu ya HPV hayasemi nani alitoka nje ya ndoa

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina miaka 38, nimeolewa miaka 12 na nina watoto watatu. Mwezi uliopita nilipimwa HPV, kile kirusi cha mlango wa kizazi, kwa kijiti, majibu yakaja chanya. Wameandika "aina nyingine zenye hatari kubwa", siyo 16 wala 18. Niliambiwa nirudi kwa uchunguzi zaidi, sijarudi. Mume wangu aliikuta karatasi, na tangu siku hiyo nyumbani hakukaliki. Kila siku ananiuliza nimeutoa wapi, maana yeye anasema hajawahi kuumwa chochote. Kinachonimaliza zaidi ni kwamba miaka mitano iliyopita nilipimwa kipimo cha siki nikaambiwa niko salama, kwa hiyo nashindwa hata kujitetea. Naapa sijawahi kutoka nje. Kabla yake nilikuwa na mwanaume mmoja tu. Je, hii ni saratani? Mume wangu akapimwe wapi? Shangazi amenipa dawa ya kuweka ukeni, anasema inasafisha kizazi. Na binti yangu wa miaka 11 ameletewa fomu ya chanjo shuleni, nisaini?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza la tiba na la ndoa kwa pamoja, na naona la ndoa ndilo lililokuzuia kurudi kliniki. Kwa hiyo naanza na hilo.

Karatasi yako inasema jambo moja tu: siku ile kijiti kilipopita, kwenye mlango wa kizazi palikuwa na vinasaba vya HPV, wa aina mojawapo kati ya zile ambazo zikikaa muda mrefu zinaweza kuleta saratani. Basi. Haina tarehe ya maambukizi, haina jina la mtu. Mashine iliyotoa majibu hayo haijui kutofautisha kirusi cha miezi mitatu na kirusi cha miaka kumi na mitano. Anayesema ameona humo kwamba mke alitoka nje anasoma kisichoandikwa.

HPV ni ukoo wa virusi wenye aina zaidi ya 200. Nyingi hukaa kwenye ngozi ya kawaida na kuleta chunjua za vidole na nyayo. Takriban 40 hupenda ngozi laini ya sehemu za siri, na kati ya hizo ni kumi na kitu tu zinazohusishwa na saratani. Aina ya 16 na ya 18 peke yake hubeba asilimia 70 hivi ya saratani zote za mlango wa kizazi, ndiyo maana mashine huzitaja kwa namba na zilizobaki huzifunga katika fungu moja la "nyingine". Wewe uko kwenye hilo fungu. Ni nafuu, ingawa siyo ruhusa ya kukaa nyumbani.

Kirusi hiki huhama kwa ngozi kugusana na ngozi wakati wa kujamiiana, na kwa kuwa hukaa pia kwenye ngozi ambayo kondomu haiifuniki, kondomu hupunguza uwezekano lakini haiufuti. Karibu kila mtu aliyewahi kujamiiana hukutana nacho wakati fulani wa maisha yake. Hakiumi, hakiwashi, hakitoi harufu. Kwa watu 9 kati ya 10 hivi, mwili wenyewe hukidhibiti ndani ya mwaka mmoja au miwili, na mhusika huzeeka bila habari kwamba aliwahi kuwa nacho.

Lakini mwili kukidhibiti si lazima iwe umekifukuza. Wakati mwingine kirusi hunywea hadi kiwango ambacho kipimo hakikioni, kikabaki kwenye seli za chini kabisa za utando, halafu kikaibuka baada ya miaka, hasa umri unaposogea au kinga inapoyumba. Ndiyo sababu tunawaona wanawake wa miaka 50 na zaidi, wengine wajane wa muda mrefu, kipimo kinatoka chanya na hawajakutana na mwanaume siku nyingi. Wewe ulikuwa na mtu mmoja kabla ya ndoa. Mume wako naye hakuzaliwa siku ya harusi. Kirusi hiki kinaweza kuwa cha yule wa kwanza. Kinaweza kuwa alichokuja nacho mume wako kabla hajakufahamu. Kinaweza pia kuwa cha mwaka jana. Hakuna daktari wala maabara inayoweza kukuchagulia mojawapo.

Nasema hivi kwa pande zote mbili, na kwa makusudi. Wanawake wengine wakishaelewa maelezo haya hugeuza kibao: "Kumbe ni yeye ndiye kaniletea!" Hapana. Karatasi ile ile isiyoweza kukutia wewe hatiani haiwezi kumtia yeye, na wala haimsafishi mtu. Kama kuna mashaka ya uaminifu ndani ya nyumba, yatafutiwe njia nyingine. Hii siyo.

Sasa kile kipimo cha siki. Hapa ndipo ulipojifunga mwenyewe bila sababu. Ulidhani miaka mitano iliyopita uliambiwa "huna kirusi", kwa hiyo kama leo kipo, basi kimeingia katikati. Kipimo cha siki hakitafuti kirusi hata kidogo. Muuguzi hupaka asidi ya asetiki, ambayo ndiyo inayoipa siki ukali wake, kwa asilimia 3 hadi 5, akasubiri kama dakika moja, kisha akaangalia kwa macho kama kuna sehemu imegeuka nyeupe. Seli zilizoanza kubadilika zina protini nyingi zilizosongamana, na asidi huzigandisha zikaonekana kama baka jeupe. Pasipokuwa na baka, jibu linakuwa hasi. Mwanamke anaweza kuwa na HPV kwa miaka mingi bila seli zake kubadilika, na kila akipakwa siki aambiwe yuko salama, na aliyemwambia asiwe amedanganya. Kipimo chako cha sasa ndicho kinachotafuta kirusi chenyewe. Ni vipimo viwili tofauti, vinauliza maswali mawili tofauti, na jibu la kimoja halipingani na la kingine.

Niseme kidogo kuhusu aibu, kwa sababu haikuanzia nyumbani kwako. Mwaka 1842 daktari wa Verona, Italia, aitwaye Domenico Rigoni-Stern, alichapisha hesabu za vifo vya mji huo na kuonyesha kwamba saratani ya kizazi ilikuwa adimu kwa watawa wa kike ikilinganishwa na wanawake walioolewa. Kutoka hapo, na tafiti nyingine zilizofuata, ikaja fikra kwamba huu ni ugonjwa wa wahuni. Watu walisahau kwamba upande wa pili wa hesabu zile walikuwa wake za watu. Aliyepata kuonyesha kirusi kinachohusika ni Mjerumani Harald zur Hausen. Kundi lake lilitambua aina ya 16 mwaka 1983 na ya 18 mwaka uliofuata, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Tangu hapo tunajua kisababishi ni kirusi cha kawaida mno ambacho mtu anaweza kukipata hata akiwa na mwenza mmoja tu. Sayansi imesonga, lakini bado nawaona watumishi wanaompa mwanamke majibu haya kwa kunong'ona na kukwepa macho yake. Mgonjwa akitoka pale, amekwishajihukumu kabla hajafika nyumbani.

Unauliza mume akapimwe wapi. Hakuna pa kumpeleka. Hatuna kipimo cha HPV kilichothibitishwa kwa wanaume kwa ajili ya uchunguzi wa kawaida. Hata kama angefutwa kijiti kwenye uume, jibu hasi lisingemaanisha hajawahi kuwa nacho, na jibu chanya lisingekuwa na dawa, kwa kuwa hakuna kidonge wala sindano ya kukiua kirusi chenyewe, kwa mwanaume au kwa mwanamke. Ninachotibu mimi ni mabadiliko ambayo kirusi kimesababisha kwenye seli. Kauli yake kwamba hajawahi kuumwa chochote inawezekana kabisa ni kweli, na haina uzito katika hili, maana wanaume wengi hukibeba na kukipoteza bila dalili. Akiona masundosundo, kidonda kisichopona au uvimbe kwenye uume, au kwenye njia ya haja kubwa, hapo ndipo aende hospitali kwa ajili yake. HPV huleta saratani kwa wanaume pia, za uume, za njia ya haja kubwa na za koo, ila kwa uchache.

Hamna haja ya kulala vyumba viwili. Mkiwa pamoja miaka 12, ngozi zenu zimekwishapeana kila kilichokuwepo cha kupeana. Mkitaka kutumia kondomu wakati huu wa kufuatilia, sina pingamizi, na kuna ushahidi kiasi kwamba husaidia mwili kukidhibiti kirusi mapema. Mkiacha, sitakugombeza.

Umwambie nini? Usimwambie uliupata chooni au kwenye taulo. Najua shauri hilo hutolewa na marafiki wenye nia njema, lakini akija kusoma mwenyewe akakuta si hivyo, utakuwa umempa ushahidi ambao hakuwa nao. Mwambie ukweli wenyewe, kwa ufupi: kirusi hiki karibu kila mtu mzima hukipata, kinaweza kukaa kimya miaka mingi, na kipimo hakionyeshi kilianza lini, mimi natakiwa kurudi kuchunguzwa ili kisije kikageuka saratani, na nakuomba twende wote ukaulize mwenyewe. Mwanaume aliyekaa na hasira nyumbani mara nyingi hulainika akisikia maneno yale yale kutoka kwa mtu asiye mkewe. Omba kabisa kliniki mkae watatu, umpe nafasi ya kuuliza lile swali linalomuuma. Mtumishi anayejua kazi yake atamjibu bila kumcheka.

Lakini kama maswali yake yamefikia vitisho au kupigwa, mambo ni mengine. Usibishane naye kuhusu virusi. Tafuta ndugu au mtu unayemwamini, mweleze mtumishi wa afya kwamba nyumbani hakuna usalama, na uende kwenye uchunguzi wako peke yako. Majibu ya vipimo ni yako, na uchunguzi au tiba ya mlango wa kizazi haihitaji saini ya mume. Ukikutana na kituo kinachokuambia "mlete mzee kwanza", omba kuonana na mganga mkuu wa hapo.

Tuje kwenye saratani. Hapana, karatasi yako haisemi una saratani. Pia haisemi huna. Inasema wewe ni mmoja wa wanawake ambao lazima waangaliwe kwa karibu, na kuangaliwa huko ndiko ulikoitiwa ukakimbia.

Kutoka kirusi kuingia hadi saratani kujitokeza, kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, kwa kawaida hupita miaka 15 hadi 20. Katikati hapo seli hubadilika polepole, na madaktari hupanga mabadiliko hayo kwa ngazi tatu, CIN 1, CIN 2 na CIN 3. Ngazi ya kwanza mara nyingi hurudi yenyewe, na hatuigusi. Ya tatu siyo ya kuachwa. Tunajua hivyo kwa njia ya kusikitisha. Kuanzia mwaka 1966, katika Hospitali ya Taifa ya Wanawake huko Auckland, New Zealand, daktari mmoja bingwa aliamini mabadiliko hayo hayageuki saratani, akawa anawafuatilia wanawake wengi bila kuwapa tiba kamili na bila wao kujua. Waandishi wawili wanawake, Sandra Coney na Phillida Bunkle, wakalifichua jambo hilo mwaka 1987, na tume ya uchunguzi ikaundwa mwaka huo huo. Kumbukumbu za wagonjwa hao zilipokuja kuchambuliwa, ilionekana kwamba walioachwa na CIN 3 bila tiba ya kutosha, takriban 3 kati ya 10 walipata saratani ndani ya miaka 30. Waliotibiwa ipasavyo, hata 1 kati ya 100 hawakufika.

Nimekupa kisa hicho ili upime hatari yako kwa kiasi chake. Hata ukikutwa na ngazi mbaya kabisa kabla ya saratani, bado una muda. Ila muda wenyewe lazima utumike, na tangu upewe majibu umekwishapita mwezi.

Ukirudi kliniki, mambo yataenda hivi. Utalala chali, miguu imepandishwa. Muuguzi ataingiza spekulamu, kile kifaa chenye umbo la mdomo wa bata, akifungue taratibu mpaka aone mlango wa kizazi, ambao kwa mwanamke aliyezaa una umbo la mdomo uliofumbwa. Ukikaza, kitauma, ukipumua kwa nje polepole wakati kinaingia, utasikia msukumo tu. Unaruhusiwa kabisa kuomba kifaa kidogo zaidi, au kuomba asitishe. Atapaka ile asidi, utasikia ubaridi na pengine kawasho kadogo, na atasubiri. Vituo vingine hutumia kolposkopi, yaani darubini yenye taa inayosimama nje ya mwili, au hukwangua seli kwa kipimo cha Pap. Njia hizi zote kwako zina lengo moja: kuona kama kirusi kimekwishaacha alama.

Pasipoonekana alama, hutibiwi chochote. Unapangiwa kurudia kipimo cha HPV. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema baada ya miezi 24 kwa mwanamke asiye na VVU. Nchi nyingine zimechagua miezi 12. Kikirudi hasi, unaingia kwenye ratiba ya kawaida ya kila miaka 5 hadi 10. Hiki ndicho kinachowakuta wengi wenye majibu kama yako.

Likionekana baka jeupe, kuna njia tatu. Kama ni dogo na linaonekana lote, linachomwa kwa joto: kidude chenye ncha bapa hupashwa hadi nyuzi 100 na kugusishwa hapo kwa sekunde 20 hadi 30. Wengi hulinganisha maumivu yake na ya hedhi, kwa hiyo mara nyingi hata ganzi haihitajiki. Kugandisha kwa gesi baridi ni tiba ya zamani kidogo na inafanya kazi ile ile. Hugandishwa dakika 3, huachwa 5, hugandishwa tena 3. Baka kubwa, au linaloingia ndani ya njia ya kizazi, huondolewa kwa kitanzi cha waya chenye umeme, kwa ganzi, na kinyama kilichotoka hupelekwa maabara. Pakionekana pa kutilia shaka kabisa hapachomwi. Huchukuliwa kinyama kwanza.

Baada ya kuchomwa au kugandishwa utatokwa na majimaji mengi kwa wiki kadhaa, na utaombwa kukaa bila tendo la ndoa kama wiki nne ili kidonda kifunge. Hapa ndipo ndoa na tiba hugongana tena. Nimewaona wanawake wanaoahirisha tiba ya nusu dakika kwa sababu hawajui watazielezaje hizo wiki nne. Ni sababu nyingine ya kutaka mume wako aje kusikia. Asipokuja, omba maelezo ya baada ya tiba kwa maandishi, yenye muhuri wa kituo. Karatasi yenye muhuri hufanya kazi ambayo maneno ya mke, kwa bahati mbaya, wakati mwingine hayafanyi. Kuhusu uzazi, kuchomwa na kugandishwa hakuharibu uwezo wa kushika mimba. Kitanzi cha waya huongeza kidogo uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati, kwa hiyo kama unapanga mtoto wa nne, mwambie daktari kabla. Na ukishatibiwa unarudia kipimo cha HPV baada ya miezi 12, hata ukijisikia mzima wa afya.

Kuna jambo hukuniuliza ila nalisema. HPV siyo VVU, yaani HIV. Majina yanafanana kwa herufi na mtu mwenye hofu huyachanganya, na sitashangaa kama mume wako naye ndivyo alivyoelewa. Pamoja na hayo, ni muhimu ujue hali yako ya VVU, kwa sababu mwanamke anayeishi na VVU ana uwezekano wa mara 6 hivi zaidi wa kupata saratani hii, na kwake safari ile ya miaka 15 inaweza kufupika hadi 5 au 10. Ratiba yake ya kupimwa huwa ya karibu zaidi: huanza akiwa na miaka 25 badala ya 30, na hurudiwa kila miaka 3 hadi 5. Kama hujapima karibuni, kapime siku hiyo hiyo. Na kama unavuta sigara, acha. Tumbaku humsaidia kirusi kukaa.

Dalili zisizosubiri tarehe ya miadi ni hizi: damu baada ya tendo la ndoa, damu katikati ya mwezi, damu kwa mwanamke aliyekoma hedhi, au majimaji yenye harufu mbaya yasiyokoma. Mabadiliko ya awali hayana dalili yoyote, kwa hiyo kutosikia kitu kusikupe utulivu wa uongo. Lakini ukiona mojawapo ya hizo, nenda kesho. Mwaka 2022 saratani hii iliua wanawake takriban 350,000 duniani, na idadi kubwa mno kati yao walikuwa kwenye nchi zenye kipato cha chini na cha kati, ambako wengi hufika hospitali wakiwa tayari wanatoka damu.

Dawa ya shangazi, weka pembeni. Simsemi vibaya, amefanya kwa upendo, lakini kirusi kiko ndani ya seli, hakuna kinachoweza kukisafisha kutoka nje. Nilichokiona mimi kwa waliotumia dawa za kuweka ukeni ni michubuko, kuungua, na ute unaotoka kwa wiki nyingi. Kuna mmoja ambaye utando ulikuwa umebanduka kiasi kwamba sikuweza kumchunguza hadi upone, na miezi ikapita bure. Kama umekwishaitumia, sema wazi siku ya uchunguzi, kwa sababu muwasho wake unaweza kufanya mlango wa kizazi uonekane vibaya kuliko ulivyo. Uke hujisafisha wenyewe. Hata sabuni ya ndani hauhitaji.

Binti yako: saini fomu. Miaka 11 ndiyo umri hasa, kwa kuwa chanjo hufanya kazi vizuri zaidi kabla mtu hajakutana na kirusi, na walengwa wakuu ni wasichana wa miaka 9 hadi 14. Tangu mwishoni mwa 2022 Shirika la Afya Duniani limekubali hata dozi moja itumike kwa umri huo, ndiyo maana unaweza kusikia shule moja inachoma moja na nyingine mbili. Haina kirusi hai ndani yake, ina ganda tupu la protini, kwa hiyo haiwezi kumwambukiza. Haigusi uzazi. Nasikia hofu hiyo kila mwaka, na kinachoharibu uzazi kwa hakika ni saratani yenyewe na mionzi ya kuitibu. Matokeo tumekwishayaona kwa macho: huko Scotland, walipochambua takwimu zao na kuchapisha mwaka 2024, hawakukuta hata mgonjwa mmoja wa saratani hii kati ya wanawake waliomaliza chanjo wakiwa na miaka 12 au 13.

Wazazi wengine huogopa kwamba chanjo itamfungulia mtoto mlango wa mapenzi. Sijawahi kuona sindano ya bega ikifanya hivyo, na tafiti zilizoliangalia jambo hilo hazikuona tofauti ya mwenendo. Mwambie tu kwamba ni kinga ya saratani, kwa sababu ndivyo ilivyo. Akifika umri wa kupimwa bado atapimwa, maana chanjo haifuniki aina zote. Kwako wewe chanjo haitaondoa kirusi ulicho nacho, kwa hiyo usitoe fedha zako huko kabla hujarudi kuchunguzwa.

Na unaporudi, beba ile karatasi ya majibu, usiiache nyumbani. Jina la kipimo na fungu la aina vilivyoandikwa humo ndivyo vitakavyomwongoza atakayekuona, na bila hiyo wanaweza kukuanzisha upya.